Likasi: Watu wa kati waliozaliwa na shaba, na wenzao wa Uingereza

Katika mitaa ya zamani ya wakubwa wa kampuni hapa Likasi, nyumba hazikugusana. Kila moja ilisimama peke yake ndani ya parseli yake, na baraza mbele, ua wa miti iliyokatwa vizuri, miembe nyuma, na nyumba ndogo ya boyi pembeni kabisa. Leo ua umekauka pahali pengi, na mbele ya baraza kuna meza ya mama anayeuza mkaa, mafuta na bunga kwa kipimo. Lakini mpango wa mtaa bado unasomeka. Aliyeuchora alitaka watu fulani waishi karibu na mji bila kuwa ndani ya fujo ya mji, na waishi mbali na moshi wa kiwanda kinachowalipa.

Mpango huo haukuzaliwa Katanga. Uingereza ilikuwa na watu wa namna hiyo zamani, na hadi leo wana nguvu kubwa kuliko idadi yao: watu wa tabaka la kati wanaoishi pembeni mwa miji na katika vijiji vilivyo karibu na njia ya treni. Si matajiri wa kupindukia, na si vibarua. Ni karani wa benki, mwalimu mkubwa wa shule, daktari, injinia, mwenye duka la dawa, ofisa aliyestaafu jeshini. Mtu wa Likasi anaweza kujiuliza hao wanamhusu nini. Wanamhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sehemu ya shaba yetu ilikuwa mali yao. Ya pili ni kwamba sisi pia tulipata tabaka letu la kati, lenye bustani na mshahara wa mwisho wa mwezi, na lilianguka kwa namna ambayo lile la Uingereza halijawahi kuanguka.

Tuanze na hao wa ng'ambo. Katikati ya vita viwili vya dunia, Uingereza na Wales zilijenga nyumba mpya karibu milioni 4. Nyingi zilijengwa pembeni mwa miji, mbili mbili zikishirikiana ukuta mmoja, kila moja na bustani mbele na nyuma. Kampuni ya reli ya Metropolitan ya London ilinunua mashamba kandokando ya njia yake, ikasaidia kuyajenga, na tangu 1915 ikatangaza eneo lote kwa jina la Metro-land: fanya kazi mjini, ulale mahali penye hewa safi. Karani alikopa fedha kwenye chama cha akiba, akalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na mwisho nyumba ikawa yake. Hilo la mwisho tulishike vizuri, maana ndilo litakalotutenganisha nao.

Vijijini ilikuwa hivyohivyo kwa sura nyingine. Sheria ya 1894 iliwapa wanavijiji wa Uingereza halmashauri zao za parokia. Hizi si parokia za kanisa, ni mabaraza madogo ya raia yanayosimamia njia za miguu, makaburi, viwanja na taa za barabarani. Hadi leo mabaraza ya vijiji na miji midogo ya namna hiyo ni karibu 10,000. Mwaka 1915, katika kijiji kimoja cha Wales, kikaanzishwa chama cha kwanza cha wanawake wa vijijini cha nchi hiyo, kwa mfano uliotoka Kanada. Wengi huko wanakicheka kwamba ni chama cha kupika jamu. Lakini vita vya pili vilipofika na chakula kikapungua, jamu hiyo ilikuwa kazi ya taifa, na serikali ililazimika kuwaheshimu akina mama hao. Hakuna chama cha siasa huko kinachoshinda kwa kuwachukiza watu wa vitongoji na vijiji. Gazeti la Daily Mail, lililoanza 1896, limeishi miaka yote hiyo kwa kuwasemea. Sheria ya mipango ya miji ya 1947, na baadaye mikanda ya kijani kuzunguka miji, imewapa silaha nyingine: mtu akitaka kujenga kwenye shamba lililo mbele ya madirisha yao, wanaandika barua, wanajaa kwenye kikao, na mara nyingi shamba linabaki shamba.

Sasa turudi kwenye shaba.

Mwaka 1899 Mskoti mmoja aliyeitwa Robert Williams, rafiki wa Cecil Rhodes, aliunda London kampuni ya Tanganyika Concessions. Watu wa soko la hisa waliiita Tanks kwa kifupi. Mwaka 1900 alipatana na Wabelgiji kutafuta madini Katanga. Mtu aliyemtuma aliitwa George Grey, mtoto wa familia yenye shamba kubwa kaskazini mwa Uingereza. Kaka yake, Edward Grey, baadaye akawa waziri wa mambo ya nchi za nje wa Uingereza. George Grey na watu wake walifika kwenye mashimo ambayo mafundi wetu wa zamani walikuwa wamechimba shaba kabla mzungu yeyote hajafika. Kwa lugha ya vitabu vya kizungu hilo liliitwa kugundua. Grey mwenyewe alikufa 1911 kwa kujeruhiwa na simba huko Kenya.

Union Minière du Haut-Katanga ilipoundwa tarehe 28 Oktoba 1906, Tanks iliingia ndani pamoja na Société Générale ya Ubelgiji. Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini, Rhodesia, pamoja na makaa ya mawe ya Wankie, mafundi wanaosema Kiingereza, na fedha za Kiingereza mfukoni. Kampuni ya Robert Williams ndiyo iliyoandika vibarua huko Rhodesia ya Kaskazini na kuwaleta migodini Katanga. Wabelgiji waliogopa kwamba jimbo lote litageuka kuwa la Waingereza, wakahangaika kuleta faranga na Kifaransa. Lakini mwenye hisa alibaki mwenye hisa. Aliweza kuwa mjane mwenye nyumba ndogo pembeni mwa mji wa Uingereza, au mwanasheria aliyestaafu na bustani ya waridi, asiyejua Jadotville iko upande gani wa ramani. Mwisho wa mwaka gawio lilimfikia.

Nguvu hiyo ilionekana wazi baada ya Julai 1960, Moïse Tshombe alipotangaza Katanga kuwa nchi. Wakati huo Tanks ilikuwa na karibu asilimia 14 ya Union Minière. Mwenyekiti wake alikuwa Kapteni Charles Waterhouse, aliyekuwa zamani mbunge wa chama cha Conservative. Ndani ya chama hicho kulikuwa na kundi la wabunge na malodi waliomtetea Tshombe kwa sauti, na magazeti ya Uingereza yaliliita kundi la Katanga. Waziri mkuu Harold Macmillan alipaswa kuwasikiliza, maana nyuma yao kulikuwa na wapiga kura wa vitongoji na vijiji waliomwona Tshombe kuwa Mwafrika mwenye adabu anayelinda mali. Mnamo Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa hapahapa Jadotville hadi risasi na maji vikawaishia. Dunia inaujua mji wetu kwa ajili ya mapigano hayo, na filamu imetengenezwa juu yake. Wachache wanauliza shaba ya Shituru iliyeyushwa kwa faida ya nani wiki hizo.

Na Likasi yenyewe? Mji uliitwa Jadotville tangu 1931, kwa heshima ya injinia Jean Jadot, na ukarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966. Uligawanywa kama miji yote ya Kongo ya wakati huo: wazungu upande wao, weusi upande wao. Wafanyakazi wa Union Minière walikaa kwenye kambi za Panda na Shituru. Wasio wa kampuni walikaa Kikula.

Mwanzoni kampuni ilitaka mwanaume peke yake, kwa miezi michache, kisha arudi kijijini. Watu walikufa, wengine wakatoroka. Mwaka 1927 na 1928 ikageuza mwendo. Mkataba ukawa wa miaka mitatu, mke akaruhusiwa kuja, kisha akahimizwa kuja. Nyumba ya kampuni, bunga na samaki wa kampuni, hospitali ya kampuni, shule ya wamisionari inayolipwa na kampuni, mpira wa kampuni Jumapili. Masista na wake za wazungu waliwafundisha akina mama kushona, kuosha mtoto na kupanga meza. Ndipo likazaliwa neno ambalo kila mzee wa hapa analijua: kazi ndio baba, kazi ndio mama. Tusilisikie kama wimbo mtamu tu. Baba huyo alichapa pia. Mgomo wa Desemba 1941 ulivunjwa kwa risasi za askari, na baada ya hapo wazee wa migodi walijua mipaka ya upendo wa baba.

Baada ya vita vya pili Wabelgiji walianza kutafuta Mwafrika wa kati, waliyemwita évolué. Mwaka 1948 walileta kadi ya sifa za uraia, na 1952 wakaongeza hatua ya juu zaidi, ya kuandikishwa sawa na Mzungu. Aliyeomba alifanyiwa uchunguzi hadi nyumbani: jamaa wanakulaje, kwa uma au kwa mkono, choo kikoje, mke anasema nini. Baada ya kuvumilia aibu hiyo, katika Kongo nzima waliofaulu hatua ya juu walikuwa mia chache tu. Karani wa Uingereza aliingia tabaka la kati kwa kulipa deni la nyumba. Karani wa Jadotville alitakiwa kufaulu mtihani wa jikoni.

Bado, watu walikuwepo. Walisoma Mwana Shaba, gazeti la kampuni lililoanza 1957, walivaa koti na tai kwenda misa, walihesabu watoto wao kwa madarasa waliyofika. Na Union Minière ilipotaifishwa tarehe 1 Januari 1967 na mwishowe kuwa Gécamines, mlango ukafunguka kweli. Mkongomani akawa kadre, injinia, daktari wa hospitali ya Panda, mkubwa wa idara. Aliingia katika zile nyumba zenye ua, akabaki na boyi, akaongeza miembe. Kwa miaka ishirini hivi kadre wa Gécamines ndiye alikuwa kipimo cha mji. Mwalimu wa serikali alimwonea wivu. Binti akichumbiwa na mwana wa Gécamines, familia ilipumzika. Kikula ilijifunza kwake kwamba mtoto wa kike naye anaenda sekondari, kwamba mshahara hupangwa kwa mwezi, kwamba mtu mwenye heshima hupaka rangi ukuta wake. Huo nao ni ushawishi, hata kama hakuna aliyempigia kura.

Lakini angalia chini ya nyumba hizo. Nyumba ni ya kampuni. Hospitali ni ya kampuni, na shule, na maji, na gunia la bunga. Tabaka zima lilikuwa mpangaji wa tajiri mmoja, na tajiri huyo naye alikuwa mfuko wa Kinshasa.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1991 ulikuja uporaji. Kufikia 1994 uzalishaji ulikuwa karibu tani 30,000. Hakuna kampuni inayoshuka namna hiyo ikabaki na wafanyakazi wenye furaha. Mishahara ilichelewa mwezi, kisha miezi, kisha watu wakaacha kuhesabu.

Katikati ya hayo ndipo mji ulijijeruhi wenyewe. Mwaka 1992 na 1993, Kyungu wa Kumwanza akiwa gavana, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na Likasi ilikuwa mojawapo ya mahali pabaya zaidi. Wengi wao walikuwa makadre, walimu, mafundi wa reli, waliozaliwa hapa na wasioijua Kasai hata kwa macho. Walilala kwenye stesheni ya treni na ndani ya shule kwa wiki na miezi wakingoja mabehewa. Watoto walifia pale. Nyumba zao zikapata wakaaji wapya. Ni jambo ambalo mazungumzo ya mtaani hulirukia upesi, lakini huwezi kueleza kwa nini tabaka la kati la Likasi ni dhaifu ukiliacha. Siku walipofukuzwa majirani waliosoma pamoja nao na kufanya kazi nao ofisi moja, waliobaki hawakusimama kama tabaka. Wengine waliogopa, wengine walitamani cheo kilichoachwa wazi. Na cheo chenyewe, miaka michache baadaye, hakikulipa kitu.

Pigo la mwisho lina tarakimu yake kamili. Kuanzia 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Walipewa fedha kwa mara moja, wakasaini. Wengi walisema hesabu ile haikufanana na dekonte waliyostahili, wakaunda kolektivu, wakaandika barua na kuandamana kwa miaka. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kutoa mwaka 2001 kitabu kuhusu wana wa shaba walioachwa na baba yao. Hapa Panda hakuna anayehitaji kuelezwa maana ya jina hilo.

Walifanya nini baadaye? Walikwenda shambani. Hapa ndipo hadithi yetu inakutana tena na ile ya kijiji cha Uingereza, ila kwa kinyume. Kule mtu wa mjini anapata mali, kisha ananunua nyumba ya kijijini ili apumzike. Hapa mtu wa mjini amepoteza mali, ndipo anakumbuka kijiji. Kandokando ya barabara za Kambove, Lwambo na Kapolowe utakuta mhandisi wa zamani anayelima mahindi kwa jembe, na karani anayenunua samaki wa ziwa Tshangalele, lile bwawa lililozaliwa na umeme wa Mwadingusha, ili mke wake awauze sokoni. Mashamba makubwa ya kweli, yenye trakta na bomba la maji, mara nyingi ni ya watu wanaokaa Lubumbashi au Kinshasa. Ndiyo maana jimbo lenye udongo kama huu bado linangojea malori ya mahindi kutoka Zambia, na mpaka ukifungwa bei ya bukari inapanda siku hiyohiyo.

Waliookoa nyumba nyingi ni akina mama. Wale waliofundishwa kupanga meza walipanga meza kweli, mbele ya baraza, na juu yake sombe, makala na sabuni. Walianzisha likelemba, kila mwezi zamu ya mmoja. Na walishika shule. Serikali iliposhindwa kulipa walimu katika miaka ya 1990, wazazi ndio waliolipa posho ya mwalimu kila mwezi, kwa kamati zao, hadi elimu ya msingi bila malipo ilipotangazwa Septemba 2019. Kwa zaidi ya miaka 25 shule za nchi hii zilisimama juu ya mifuko ya wazazi. Kama unataka kujua tabaka la kati la Likasi lilijificha wapi baada ya kuanguka, usitafute kwenye vilabu vya zamani vyenye uwanja wa tenisi. Tafuta kwenye daftari la kamati ya wazazi.

Leo makampuni mapya yamekuja, mengi ya Kichina. Yanaajiri, lakini si kama baba. Kijana anasaini kwa kampuni ndogo inayokodisha watu, mkataba wa miezi, hana nyumba wala gunia la bunga, na akiugua ni juu yake. Wengine hawana mkataba kabisa, wanachimba kwa mikono. Sheria ya 2017 kuhusu kazi ndogondogo za migodi na viwanda inataka kazi hizo zishikwe na makampuni ambayo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Kuna wenyeji wa Likasi waliotajirika kwa njia hiyo, na kuna majina ya Kikongomani yaliyoazimwa kwenye makaratasi tu. Wanaojenga sasa wanajenga kwa fedha yao, na kila mmoja anazungusha parseli ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu. Ua wa miti hautoshi tena. Nikiambiwa nichague alama moja ya tofauti kati ya kadre wa 1975 na mwenye mali wa leo, nitachagua ukuta huo. Lakini ukuta ni wake, na ardhi ni yake, na hakuna kampuni itakayomwomba funguo.

Swali ni kama watu hawa wapya, pamoja na walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa sokoni, watakuwa na sauti. Fedha ya kuzungumzia ipo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa 2018 inagawa ada ya madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komine au usultani ambako mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kila kampuni inatakiwa kuweka asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wanaoishi karibu nayo. Kijiji cha Uingereza chenye nyumba mia mbili kingekuwa na watu kumi na wawili kwenye kikao wakiuliza risiti ya kila faranga ya hiyo asilimia 15.

Desemba 2023 wakaaji wa Likasi walimpigia kura rais, wabunge wa taifa na wabunge wa jimbo. Madiwani wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu, na Likasi si mji mkuu wa jimbo. Panda, Shituru, Kikula na Likasi bado zinaongozwa na wakubwa walioteuliwa, na hakuna baraza lililochaguliwa ambalo mama wa Panda anaweza kwenda kukaa mstari wa mbele na kuuliza fedha ya mchanga unaopita mbele ya meza yake iko wapi.